Nafsi Yako Nayo ni Amana



Leo nataka tulitazame pamoja swali moja ambalo kila mmoja wetu amepata kulijibu kwa vitendo vyake, ingawa pengine hakujua kwamba ameulizwa. Mtu akijitia khatarini yeye peke yake, kwa kitu alichokiunda kwa mikono yake na kukigharimia kwa mali yake ya halali, jee, ana haki ya kutwambia, "Kitu ni changu na nafsi ni yangu, nyinyi linakuhusuni nini?" Swali hili ni kongwe, lakini safari hii limenijia kwa njia nisiyoitazamia. Limenijia kwa khabari ya ndege.

Yupo mtu niliyemsomesha chuoni tangu alipokuwa akishika juzuu yake ya kwanza mpaka alipokhitimu. Nikimwita kijana hucheka, kwani sasa ana mvi na watoto wanne. Makazi yake ni Marekani, na kazi yake ni ufundi wa magari. Mtu huyu ameunda ndege. Ameiunda ndani ya banda la gari, nyumbani kwake, kwa muda wa miaka mitatu, akifanya kazi baada ya isha na siku za mapumziko. Aliponieleza mara ya kwanza kwa simu nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamwuliza, "Ndege ya kuchezea watoto?" Akanijibu, "La, Sheikh, ya kupanda mwenyewe."

Nawe usidhani ni ndege kama zile zinazochukua mahujaji. Hii ni ndege nyepesi ya kiti kimoja. Mifupa yake ni mabomba ya alumini, ngozi yake ni kitambaa cha jamii ya matanga ya mashua za kisasa, na injini yake ni ndogo, ile ambayo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, fungu moja la oili kwa mafungu hamsini ya petroli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 imeziwekea ndege hizi mipaka yake. Uzito wake ikiwa tupu usifike ratili 254, yaani kama kilo 115. Mafuta yake yasizidi galani 5 za huko, kama lita 19. Mwendo wake wa mwisho usizidi kiasi cha kilomita 102 kwa saa. Ichukue mtu mmoja tu, iruke mchana, iwe kwa mchezo na si kwa biashara, wala isipite juu ya mji au juu ya mkusanyiko wa watu. Ikitimiza masharti hayo, serikali haimtaki mwenyewe leseni ya urubani, wala haimpeleki mkaguzi kuja kuitazama hiyo ndege.

Naomba uyatie maneno haya ya mwisho moyoni, kwani ndiyo mzizi wa makala yetu. Hakuna mkaguzi. Dola imewalinda walio chini kwa kumkataza asipite juu yao, imemlinda abiria kwa kumkataza asimchukue, kisha ikamwambia mwenye ndege: yaliyobakia ni baina yako na nafsi yako.

Hamu ya mwanadamu ya kuruka si ya jana. Abbas ibn Firnas wa Andalusi, aliyefariki mwaka 887, alijivika manyoya na mabawa akajirusha angani. Khabari yake imetufikia kwa kalamu ya al-Maqqari, mwana tarehe wa karne ya 17, naye anasimulia kwamba aliruka kitambo lakini akaumia mgongo wakati wa kutua, kwa sababu hakutambua kwamba ndege hutua kwa kutumia mkia, naye hakujiwekea mkia. Na wale wenzangu waliosoma lugha wanalijua jina la al-Jawhari, mwenye kamusi mashuhuri iitwayo as-Sihah. Wenye kuandika tarehe wanasimulia kwamba mwanachuoni huyu, takriban miaka elfu moja iliyopita, alipanda juu ya paa la msikiti wa Nishapur akiwa amejifunga mabawa, akajirusha, akaanguka akafa. Bahari ya elimu ya lugha haikumfaa kitu katika elimu ya upepo.

Kisha wakaja waliofaulu. Orville na Wilbur Wright walikuwa mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton, na ndege yao iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa ya mbao iliyovikwa kitambaa cha pamba. Kwa hivyo ndege ya kwanza yenye injini iliyoweza kuongozwa na mtu nayo ilitoka katika mikono ya watu wa karakana. Na mwaka 1975 Mmarekani John Moody alitia injini ndogo katika bawa la kuelea, akaruka kutoka juu ya ziwa lililoganda kwa baridi katika jimbo la Wisconsin. Tangu hapo mchezo huu ukaenea, na mwanafunzi wangu ni mmoja katika waliovutwa nao.

Basi mimi sikumkataza. Wazee wetu waliabiri bahari kwa mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi pasi na msumari, na wala hatuwaiti wapumbavu. Lakini nilimwuliza anautunzaje mwili wa ndege hiyo, na majibu yake yalinifurahisha. Alinambia kwamba kila bolti isimamayo huitia kichwa juu, ili nati ikilegea na kuanguka, bolti ibakie mahali pake kwa uzito wake. Kila nati aliyokwisha kuikaza huipiga mstari wa rangi unaoshika nati na bolti pamoja, ili ikizunguka hata kidogo mstari uvunjike na jicho lione. Waya za chuma zinazoshika mabawa huzipitishia kitambaa kabla ya kuruka, kwa sababu uzi mmoja uliokatika hauonekani kwa macho lakini hunasa kitambaa. Kitambaa cha mabawa nacho huliwa na jua pole pole, kwa hivyo ndege hulala ndani. Injini za namna hii zina umri wake uliohesabiwa; kwa nyingi za Rotax, kampuni ya Austria, mtengenezaji hutaka zifumuliwe zote kila baada ya saa 300. Yote hayo huyaandika katika daftari, tarehe na saa.

Nikamwuliza, "Na injini ikizimika juu?" Akasema, "Sheikh, watengenezaji wenyewe wameandika katika kitabu cha maelezo kwamba inaweza kuzimika ghafla wakati wowote. Kwa hivyo sipiti juu ya msitu wala juu ya maji. Kila dakika ninayokuwa angani ninajua ni shamba gani tupu nitalishukia." Nikasema moyoni, huyu ameelewa maana ya kufunga ngamia kisha ndipo kutawakali. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa hicho, lakini wachache kati yetu tunakitumia.

Ndugu msomaji, laiti khabari ingekomea hapo nisingekuandikia.

Mwaka jana alinipigia simu usiku, na kwa sauti yake nilijua kuna jambo. Alinambia kwamba ameamua kuiuza ndege, amepata mnunuzi, mtu mwema, na bei imekubaliwa. Siku ya kuja kuitazama, mnunuzi alizunguka ndege yote, akasoma daftari, kisha akauliza suala moja la kawaida: "Kuna kitu chochote ninachopaswa kukijua?" Mwanafunzi wangu akajikuta hawezi kufungua kinywa. Akamwambia, "Nipe siku mbili."

Jambo lenyewe ni hili. Mahali bawa la kushoto linaposhikana na kiwiliwili pana kipande kinene cha alumini, na katika kipande hicho hupita bolti. Mafundi wa ndege wana kanuni yao: kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa chuma kusipungue mara mbili ya upana wa bolti, ama sivyo chuma kilichobakia ni kidogo na huweza kupasuka. Usiku mmoja, katika mwaka wa pili wa kazi, akiwa amechoka, keekee ilimteleza. Tundu likaangukia karibu na ukingo kuliko ramani ilivyotaka. Kipande kingine kingechukua wiki mbili kumfikia. Kitambaa kilikuwa tayari, na rafiki aliyekuja kumsaidia kukivika alikuwa ana siku hiyo moja tu. Akakitazama kile kipande, akasema, "Kitashika." Akatia bolti, akakaza nati, akaivuta juu yake ile ngozi ya bawa. Daftarini hakuandika kitu.

Akairusha ndege hiyo misimu miwili, jumla ya saa sitini, na haikutokea lolote. Lakini ulipokuja wakati wa mtu mwengine kukaa katika kile kiti, usingizi ulimpaa. "Sheikh," akaniuliza, "nimwambie au ninyamaze? Na nikimwambia, nimeshatimiza?"

Suala la kwanza halihitaji sheikh. Mwenye kuuza kitu chenye kasoro anayoijua, akaificha, amefanya ghushi, na ghushi ni haramu iwe katika ndege au katika pishi ya mchele iliyotiwa maji. Hilo alilijua kabla ya kunipigia. Nami kwa haraka nikamsifu kwa khofu yake, nikamwambia amweleze mnunuzi kila kitu, nikamtakia usiku mwema.

Lakini nilipokwisha kuweka simu sikutulia. Nilijiuliza: kwa nini khofu hii imemjia leo? Tundu ni lile lile. Chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni mtu wa kuanguka tu. Alipokuwa wa kuanguka ni yeye, alilala usingizi kwa misimu miwili. Alipokuwa wa kuanguka ni mtu asiyemjua hata jina la babu yake, akakosa usingizi. Sisi humsifu mtu kama huyu na kusema, "Tazama anavyowajali wenziwe!" Na kweli ni sifa, lakini ni nusu ya sifa. Nusu ya pili inaficha dhana mbovu, nayo ni kwamba nafsi ya mnunuzi ni amana, na nafsi yake mwenyewe ni mali yake, aitumie apendavyo.

Nani aliyemwambia kwamba ni mali yake? Aliinunua wapi? Bei yake alimlipa nani? Mwili huu tumeukuta tunao, kama mtu anayeamka akajikuta amekabidhiwa nyumba ya mwenyewe aliyesafiri. Aliyekabidhiwa nyumba anaruhusiwa kukaa ndani, kupika, kulala na kufurahi. Haruhusiwi kuacha nguzo ikaoza ati kwa sababu anayelala chini yake ni yeye.

Pengine utaniambia, "Sheikh, hayo ni maneno ya mimbari. Ikiwa ndivyo, basi tusivuke barabara, maana na hapo pana khatari." Pingamizi yako nzuri, nami sitaki kuikimbia. Hebu tuwapange watu wanaokabili khatari, utaona kwamba si wa namna moja.

Wa kwanza ni asiyejua. Huyu ni Ibn Firnas na mkia wake. Na mfano wa karibu zaidi ni Mfaransa Henri Mignet. Mwaka 1933 aliunda ndege ndogo yenye mabawa mawili, moja mbele na moja nyuma, akatoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida kujiundia. Alikuwa akiwaambia kwamba anayeweza kuunda sanduku la mbao anaweza kuunda ndege. Watu wengi wa Ufaransa na Uingereza wakaziunda majumbani mwao. Kisha zikaanza kuanguka na kuua. Mwaka 1936 ndege hiyo ilitiwa katika chumba kikubwa cha kupulizia upepo huko Farnborough, Uingereza, ikaonekana kwamba pua ikiinama kupita kiasi, upepo upitao baina ya mabawa yale mawili humnyima mrushaji uwezo wa kuiinua tena. Kwa ardhini kasoro hiyo haikuonekana. Mignet hakuificha, kwani hakuijua, na ilipojulikana aliirekebisha ramani yake. Mtu wa namna hii tunamsikitikia, na tunajifunza kwake kwamba nia njema haishiki bawa. Lakini hatumwiti mwenye hiana.

Wa pili ni anayejua, akapima, akajiwekea kinga. Huyu ni mwanafunzi wangu katika jambo la injini. Anajua inaweza kuzimika, na kwa hivyo anachagua mahali pa kuruka na shamba la kushukia. Huyu ni nahodha anayejua kuwa pepo hugeuka, naye amebeba tanga la akiba. Huyu ni wewe unayevuka barabara baada ya kutazama kulia na kushoto. Khatari ya huyu haina lawama. Bila ya watu kama hawa pasingekuwa na chombo baharini wala dawa hospitalini.

Wa tatu ni anayejua, akafunika. Huyu ni mwanafunzi wangu yule yule, katika jambo la tundu. Wa pili na wa tatu wote wamo khatarini, na pengine khatari ya injini ilikuwa kubwa kuliko ya tundu. Lakini wa pili anaitazama khatari yake usoni kila siku, na wa tatu ameivika kitambaa ili asiitazame. Hapo ndipo ulipo mpaka, ndugu yangu. Usiulize tu, "Khatari ni kubwa kiasi gani?" Uliza pia, "Nimeitazama, au nimeifunika?"

Utaniambia tena, "Lakini saa sitini zimepita salama. Si ushahidi huo?" Jibu la suala hili nimelipata kwa mafundi wenyewe. Alumini, tofauti na aina nyingi za chuma cha pua na feleji, haina kiwango cha chini ambacho mtikiso wake unaweza kuuvumilia milele. Kila mtikiso huandikwa ndani yake. Ufa huanza mdogo kuliko unywele, aghlabu kwenye ukingo wa tundu, ukatembea kidogo kidogo kila injini inaponguruma, na nje kitu hakionekani mpaka siku ya mwisho. Kwa hivyo saa sitini za salama hazikuwa zikithibitisha kwamba kipande ni kizima. Huenda zilikuwa zikikila. Na hii si elimu ya chuma peke yake. Mtu anayefanya kosa leo lisimdhuru, akalirudia kesho lisimdhuru, husema, "Naam, halidhuru." Kumbe amepewa muda, naye ameuhesabu muda kuwa ni ruhusa.

Wala usinambie kwamba ajali haina kinga. Ni kweli haina, lakini methali hiyo waliisema wazee kumliwaza aliyefikwa baada ya kufanya juhudi yake. Hawakuisema ili iwe kitambaa cha kufunikia tundu.

Sasa nikwambie la kwangu, maana si uungwana kumhukumu mwanafunzi na kumwacha mwalimu.

Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, chuoni kwetu palikuwa na ngazi ya mbao ya kupandia darini, tulikoweka mikeka na misahafu mikuukuu. Kipandio chake cha tatu kilikuwa kimeliwa na mchwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda, na nilijua. Kila nikipanda niliruka kutoka cha pili hadi cha nne, na mguu wangu ukazoea hata nikawa sifikiri. Nilisema, "Nitakitengeneza mwezi ukiandama." Nikasema, "Anayepanda ni mimi tu." Ikapita karibu mwaka mzima. Siku moja ya mvua nikachelewa kufika, maji yakaanza kuvuja darini, na mtoto wa miaka tisa, mwenye adabu kuliko wote, akapanda kwenda kuiokoa misahafu. Yeye hakujua kuhusu cha tatu. Alivunjika mkono, na ulipounga haukunyooka tena.

Mamake alikuja kwangu akaniomba radhi kwa usumbufu wa mwanawe! Nikainamisha kichwa, nikamwambia, "Ngazi ilikuwa mbovu." Sikumwambia kwamba nilijua. Miaka mingi ilipita kabla sijamwambia, na nilipomwambia alikuwa mzee, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilidhani hivyo." Sijui mpaka leo ni lipi lililoniuma zaidi, kule kujua kwake au kule kunyamaza kwake.

Basi nilijifunza kwamba hakuna khatari inayokaa na mwenyewe. Unaweza kusema ni yangu, nami nimeizoea, mguu wangu unajua pa kuruka. Lakini mguu wa mwenzio haujui. Kitu hubakia baada yako, na siku usipokuwepo mtu mwengine atakishika. Ndege ya kiti kimoja nayo ni hivyo hivyo: leo anakaa mwenyewe, kesho mnunuzi, kesho kutwa mwana aliyeirithi. Na hata asipokaa mwengine, kiti hicho kimoja kikianguka huangukia nyumba nzima. Yupo mke, wapo watoto wanne, na yupo mama hapa pwani anayengoja simu kila Ijumaa. Sheria ya Marekani imehesabu abiria mmoja. Mimi nikihesabu napata sita, na hao ni wa karibu tu.

Asubuhi yake nikampigia simu mimi. Nikamwambia, "Jana nilikujibu nusu. Mnunuzi utamwambia, hilo ni lazima. Lakini kumwambia hakutoshi. Umeniuliza kama ukimwambia utakuwa umetimiza. Hujatimiza. Pasua kitambaa, utoe kile kipande, utie kinachostahiki. Na hili ulipaswa kulifanya hata kama usingeiuza ndege hiyo maisha yako yote. Unamdai mtu mmoja msamaha nawe humwoni, naye ni yule aliyekaa katika kile kiti saa sitini." Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Ni kazi ya mwezi mzima, Sheikh." Nikamwambia, "Ilikuwa kazi ya wiki mbili."

Alimweleza mnunuzi. Mnunuzi akamshukuru, akaenda zake, akanunua ndege nyengine. Yeye akapasua kitambaa alichokishona kwa mikono yake, akakitoa kile kipande, akakisafisha, akakipaka ile rangi nyekundu ambayo mafundi huitumia kutafutia nyufa, akakitazama kwa kioo cha kukuzia. Unadhani alikuta nini?

Hakukuta kitu. Hapakuwa na ufa. Kipande kilikuwa kizima.

Akanipigia simu, nami sikuweza kujua kama anacheka au analia. "Nimepoteza mnunuzi na mwezi mzima," akasema, "na kumbe kilikuwa kinashika!" Nikamwuliza, "Sasa hivi unajua kwamba kilikuwa kizima. Mwezi uliopita ulikuwa unajua?" Akasema, "La." Nikamwambia, "Basi hicho ndicho ulichonunua kwa mwezi wako. Kabla ya leo ulikuwa unaokoka bila ya kujua kwa nini." Akatia kipande kipya chenye tundu mahali pake, na daftarini akaandika yote, tarehe ya kosa na tarehe ya kulirekebisha. Kile cha zamani amekitundika ukutani karibu na keekee yake. Ndege bado anayo.

Ndugu msomaji, najua kwamba wewe huna ndege. Lakini yumkini unayo pikipiki ambayo breki yake unaijua mwenyewe, unaikamata mapema kwa sababu umeshaizoea. Yumkini una waya wa umeme nyuma ya kabati ulioufunga kwa utepe, na watoto umewakataza wasipaguse. Yumkini una mtungi wa gesi ambao mpira wake umeanza kupasuka, na wewe unajua kuuweka upande usiovuja. Yumkini wewe, mama, una uvimbe mwilini uliouona tangu Ramadhani, nawe umeufunika kwa kanga na kusema, "Mwili ni wangu, nisiwatie watu wasiwasi." Na wewe, baba, daktari alikupa vidonge vya presha, ukaviacha kwa sababu miezi mitatu imepita na hukuanguka.

Mambo haya hayana mkaguzi. Hakuna askari atakayekuja kufungua kabati lako, wala hakimu atakayekushitaki kwa uvimbe wako. Dola imekoma mlangoni mwako, kama ilivyokoma kwenye ile ndege ya kiti kimoja. Ndani ya mlango umebakia wewe na Yule ambaye kitambaa hakimzuii kuona.

Basi leo kabla hujalala, tafuta kile kipandio cha tatu ambacho mguu wako umezoea kukiruka. Kila nyumba inacho. Usikitengeneze kwa ajili ya mgeni tu, kama vile nyumba hupakwa chokaa siku ya arusi. Kitengeneze kwa ajili ya nafsi iliyomo ndani, kwani nayo umekabidhiwa, na siku ya kurudisha amana utaulizwa juu yake kama utakavyoulizwa juu ya ya jirani yako.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuziona kasoro zetu kabla hazijawadhuru wenzetu, na nguvu ya kukipasua kitambaa tulichokishona wenyewe. Amin.